Maumivu ya Nusu Kichwa



Wiki iliyopita, baada ya sala ya Isha, alitujia kijana mmoja akilalamika kwamba mkewe hujifanya mgonjwa kila wanapotembelewa na wageni. Hujifungia chumbani, hataki taa, hataki kusemeshwa. Tukamwuliza siku ya wageni huwaje. Akasema mke huamka kabla ya alfajiri kupika, na hali kitu mpaka wageni washibe. Hapo tukayatambua maradhi, kwa kuwa dada yetu wa tumbo moja anayo tangu ujanani: kipandauso. Njaa na usingizi wa mang'amung'amu ni miongoni mwa mambo yanayoyaamsha.

Waarabu huyaita shaqiqa, kwani mara nyingi hushika upande mmoja wa kichwa. Amepokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) alifanyiwa hijama kichwani kwa ajili ya shaqiqa, hali ya kuwa yumo katika ihramu. Ni nani basi atakayethubutu kuyaita uvivu?

Nasi tuliwahi kukosea. Siku moja dada amelala kifudifudi, tulichoma udi, tukaketi kichwani pake na kumsomea kwa sauti iliyofika barazani. Akainua mkono, tukadhani anaitikia dua. Kumbe alikuwa akitusihi tunyamaze. Punde akatapika. Mwenye kipandauso huteswa na mwanga, kelele na harufu kali, na sisi, kwa nia njema, tulimletea mbili kwa mpigo. Kisomo hatukukiacha, ila sasa tunanong'ona, na chetezo hukaa uani.

Chumba kiwe na giza na utulivu, kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, watoto wapelekwe kwa shangazi yao. Dawa aliyoandikiwa na daktari anywe mapema, maumivu yangali machanga. Vidonge vya kujinunulia dukani visizoeleke, kwani kuvimeza siku nyingi za mwezi huweza kuzaa maumivu mengine. Shambulio huweza kudumu hata siku tatu, basi asiulizwe kila dakika kama amepoa. Ama kichwa kikimuuma ghafla kwa namna asiyowahi kuijua, au ulimi ukawa mzito, au upande wa mwili ukalegea, au akapata homa na shingo ikakakamaa, apelekwe hospitali papo hapo. Kisomo kitamfuata huko.

Limebaki la Ramadhani. Mola amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine (Al-Baqara, 185). Kwa miaka mingi dada yetu alijilazimisha kufunga akichelea maneno ya majirani, na tukisema kweli, maneno yetu pia. Mwaka huu alifungua siku tatu. Alipozilipa, tulifunga pamoja naye, ili asikae kwenye futari peke yake.