Kamera nayo iingie darasani

Tangu Januari 2024 shule za sekondari za Tanzania Bara zimeanza kuuingia mtaala mpya wenye mikondo miwili, mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Neno hili amali si geni kwa wasomaji wetu wa Visiwani, ambao wizara yao ya elimu imelibeba katika jina lake kwa miaka mingi kabla Bara haijaliazima. Sasa kwa kuwa neno limevuka bahari, tunaona ni wakati wa kuuliza jambo moja ambalo wahusika wakiliacha lipite litakuja kuwasumbua: je, ufundi wa kupiga picha utafundishwa kweli kweli katika shule za sekondari, au utabaki kuwa pambo la shule chache za mijini?

Tunalipima swali hili kwa kipimo cha Likunja. Likunja ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, katika nchi ya ufuta, korosho na mbaazi, ambayo hadi katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa bado sehemu ya Nachingwea. Tumeichagua makusudi. Mpango wa elimu ukiweza kusimama Likunja, utasimama popote; ukifaa Dar es Salaam na Mjini Unguja peke yake, huo si mpango wa taifa.

Pengine msomaji wa Unguja au wa Pemba atauliza Likunja inamhusu nini. Inamhusu kwanza kwa sababu mtihani wa kidato cha nne wanaoufanya watoto wa pande zote mbili ni ule ule wa Baraza la Mitihani la Taifa. Lakini inamhusu zaidi kwa sababu watu wa Kusini na watu wa Visiwani wanashiriki bahati moja isiyopendeza: wamepigwa picha mno, na wao wenyewe wamepiga chache.

Mwaka 1906, wakati majivu ya Vita vya Maji Maji yalikuwa hayajapoa, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alipanda kutoka Lindi kwenda Masasi na uwanda wa Newala akiwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na mashine ya picha za sinema. Aliwapiga picha Wayao, Wamakua na Wamakonde, akazichapisha katika kitabu mwaka 1908, naye akaja kuliongoza jumba la makumbusho la Leipzig. Wengi katika picha hizo hawana majina. Wametajwa kwa kabila na kwa chale za usoni, kama vile mtu anavyoandika jina la mti. Miaka mitatu baadaye ulianza uchimbaji wa mifupa ya madinosaria huko Tendaguru, ulioendelea hadi 1913. Mifupa iliyotoka huko inasimama Berlin hadi leo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mradi wa karanga, nao ukaifanya Nachingwea ijulikane London kabla haijajulikana vizuri Dodoma. Haya yote yalipigwa picha. Mjukuu wa mpagazi wa Tendaguru akitaka kumwona babu yake, itambidi abishe hodi ugenini.

Hata hivyo, ardhi hiyo hiyo ya Nachingwea imewahi kutoa somo la kinyume. Wapiganaji wa FRELIMO walipokuwa na kambi yao pale, chama chao kilikuwa na idara ya habari yenye wapigapicha wake, walioandamana na majeshi na kuonyesha ulimwengu vita vilivyokuwa vikipiganwa Msumbiji hadi uhuru wa mwaka 1975. Chama kilichokuwa hakina uhakika wa chakula cha kesho hakikuiona kamera kuwa anasa. Tunawaomba maofisa wa mipango walitafakari hilo kabla hawajatutajia upungufu wa fedha.

Visiwani mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Unguja ilikuwa na studio tangu karne ya 19. Jina la A. C. Gomes bado linasomeka nyuma ya picha za zamani, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, kazi ambayo baadaye ilishikwa na mwanawe. Hazina waliyotuachia wapigapicha hao haina bei. Lakini tuseme ukweli: ufundi huo ulirithishwa nyumbani, baba kwa mwana, ndani ya chumba cha giza kisichoingiwa na mtu wa nje. Mtoto wa mvuvi wa Makunduchi au wa mkulima wa karafuu wa Wete hakuwa na mlango wa kuingilia. Mohamed Amin, ambaye mwezi Oktoba 1984 aliupiga picha uso wa njaa huko Korem, Ethiopia, na dunia nzima ikashituka, alikulia Dar es Salaam na kuanza na kamera ya sanduku angali mwanafunzi. Alifika alikofika kwa juhudi yake. Taifa haliwezi kujenga ufundi kwa kungojea vijana wa namna hiyo wachomoze wenyewe, mmoja katika kila kizazi.

Leo studio ni chache na simu ni nyingi, na hapa ndipo tunapoambiwa kwamba somo hili limepitwa na wakati, kwa kuwa kila mtu ni mpigapicha. Hoja hii haina uzito. Mtu anaweza kubonyeza simu mara elfu moja na asijue kwa nini uso wa bibi harusi umekuwa mweusi dhidi ya dirisha lenye mwanga. Anaweza kuipeleka picha ya maiti wa ajali kwa watu mia kabla jamaa za marehemu hawajaarifiwa, asione kosa. Watalii hushuka Paje na Jambiani wakawapiga picha wanawake wanaolima mwani, bila kuomba ruhusa wala kuuliza jina, na picha hizo zikauza safari na hoteli. Mwanamke mwenyewe hana habari. Binti yake akisoma shuleni kwamba mpigapicha ana hakimiliki, na kwamba tangu itungwe sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022 sura ya mtu si mali ya kuokotwa, atajua la kumjibu mgeni, na pengine atakuwa yeye ndiye anayelipwa kwa kazi hiyo.

Lakini itafundishwaje Likunja? Hapa tungependa kukaa kidogo, maana wengi hudhani kwamba somo hili huanza kwa kununua mashine za bei kubwa. Haianzi hivyo. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mnamo mwaka 1040, alieleza jinsi mwanga unavyopenya tundu dogo na kuchora kilicho nje ndani ya chumba chenye giza. Mwalimu wa Likunja anaweza kuonyesha jambo hilo kwa kopo la maziwa, msumari mwembamba na kipande cha karatasi laini: mwembe wa uwanjani utaonekana umesimama kichwa chini, na darasa halitasahau. Fizikia imekuwa ikifundisha lenzi na kamera kwa michoro ubaoni. Hapa mchoro unashikwa mkononi. Hatua ya pili ni picha za buluu zilizovumbuliwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1842. Zinahitaji dawa mbili zenye chuma, karatasi, jua na maji ya kuoshea. Umeme hauhitajiki, na jua la Ruangwa halina mgawo. Kamera halisi zije mwaka wa pili, chache, zikiwa mali ya shule na kutunzwa kabatini kama hadubini. Kwa njia hiyo hata katazo la wanafunzi kumiliki simu shuleni halitavunjwa.

Walimu ndio kikwazo kikubwa zaidi, na hatuoni aibu kusema wapo tayari, ila hawana vyeti. Karibu kila mji wa wilaya una fundi anayepiga picha za vitambulisho, za harusi na za misiba. Mtaala wa amali hautatimia kama fundi wa namna hiyo hataruhusiwa kuingia darasani kwa siku mbili kwa juma, alipwe posho yake, akisaidiwa na mwalimu wa fizikia au wa sanaa.

Wapo pia wazazi, hasa Visiwani, wenye shaka ya kidini juu ya picha za viumbe. Shaka hiyo istahiwe. Mwanafunzi anaweza kulisoma somo zima kwa majengo, milango ya Mji Mkongwe, mazao, mikoko na ukuta wa nyumba uliopasuka, na mtihani utungwe kwa namna itakayomruhusu.

Na katika mtihani huo tunapendekeza alama kubwa iwe ya maelezo yaliyo chini ya picha: nani, wapi, lini, na kwa idhini ya nani. Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani, Unguja, zina picha nyingi za zamani ambazo zingewafundisha wanafunzi thamani ya kuandika majina. Mwanafunzi wa Likunja aanze na wazee wa kijiji chake walio hai.

Wizara mbili za elimu, ya Muungano na ya Zanzibar, zinaweza kuanza na shule tatu: moja Unguja, moja Pemba na moja Ruangwa. Zitaje shule hizo kabla bajeti ijayo haijasomwa, na fungu la dawa, karatasi na posho ya fundi lionekane humo kwa tarakimu.