Mchunguzi Asiwe Mwajiriwa wa Mwenye Bwawa

Sisi hatuna ugomvi na umeme. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kufua umeme mwezi Februari 2024. Wanaoubeza mradi huo moja kwa moja hawatendi haki. Na baadhi yao hukaa katika nchi zilizokwisha kuziba mito yao siku nyingi.

Tunaloliuliza ni jingine. Ni nani achunguzaye madhara ya mabwawa, na ujira wake hutoka kwa nani?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mwenye mradi afanye tathmini ya athari kwa mazingira kwa gharama zake mwenyewe. Maana yake ni kwamba mwenye mradi ndiye amtafutaye mtaalamu, ndiye amlipaye. Hatusemi kuwa wataalamu wetu si waaminifu. Lakini kadhi gani atatosheka na shahidi aliyelipwa na mdai, hata shahidi huyo awe mcha Mungu namna gani? Jambo huzidi uzito pale mwenye mradi anapokuwa Serikali, kwani Baraza linaloipitia ripoti nalo ni la Serikali hiyo hiyo.

Yaliyotokea Kihansi yanajulikana. Chura mdogo aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto ule, na asiyepatikana penginepo duniani, aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa bwawa ukiwa umekwisha kuanza. Uchunguzi wa awali haukumwona. Maji yalipogeuzwa, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani ili kunusuru uzao, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wametoweka. Wapo waliocheka: kelele zote hizi kwa ajili ya chura! Sisi hatucheki, kwa sababu uchunguzi unaoweza kumpita chura waweza kumpita mvuvi pia.

Na wavuvi wapo. Mbele ya kisiwa cha Mafia umetandaa mlango wa Rufiji wenye mikoko zaidi ya hekta 50,000, ambamo kamba wachanga hukulia. Mikoko hiyo hulelewa na udongo uletwao na mafuriko. Bwawa, kwa tabia yake, hutuliza udongo huo nyuma ya ukuta. Udongo ukipungua bahari hula ufuko, na maji matamu yakipungua chumvi hupanda mtoni hadi kwenye mashamba ya mpunga. Madhara ya namna hii hayaonekani siku ya kuzindua mtambo. Huja polepole, tena huwafikia watu wasiouona hata ukuta wenyewe.

Kwa hiyo tunawataka wahusika warekebishe utaratibu. Kwa kila bwawa kubwa, fedha za uchunguzi zikabidhiwe Baraza, nalo lichague wachunguzi, na ripoti ipitiwe na wataalamu wasio watumishi wa Serikali kabla mkataba wa ujenzi haujatiwa saini. Na kwa Rufiji, ambako ukuta umekwisha simama, vipimo vya udongo, chumvi na kamba vichukuliwe kila mwaka na kubandikwa kwa Kiswahili katika ofisi za wilaya, Mafia ikiwamo.