Ya Kale ni Dhahabu, Lakini Si ya Kuyeyushwa



Wiki iliyopita tuliitwa katika nyumba moja hapa Usagara, si mbali na njia panda ambapo barabara ya Shinyanga huachana na ile iendayo Kigongo. Matanga yalikuwa yamekwisha, na watoto wa marehemu walikuwa wamekaa kugawana vitu vya baba yao. Shamba halikuleta ugomvi. Ng'ombe nao walihesabiwa bila kelele. Kilichowatenganisha ndugu wawili ni kitu kinachoenea katika kiganja cha mtoto: saa ya mkono ya Uswisi, ya kutia ufunguo, iliyosimama miaka mingi.

Kaka mkubwa alikuwa amepata mnunuzi mjini Mwanza, naye ametaja bei ambayo ingelipa sehemu ya ada ya mjukuu. Mdogo alitaka saa ibaki na itengenezwe. Mama yao, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza, alitugeukia akasema: "Baba, mzee alikuwa akiiweka mchagoni, nami nikiisikia usiku kucha. Wakitaka kuiuza, waniache kwanza niisikie tena."

Marehemu alikuwa karani wa ushirika enzi za pamba. Wenye umri watakumbuka Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, ulioundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani. Pamba ya Usukuma ndiyo iliyonunua baiskeli na mabati, na kwa wachache, saa ya mkono. Saa ile ilitoka mbali, lakini ikajifunza lugha yetu. Mswisi aliyeiunda, akiona mshale mfupi kwenye 7, husema ni saa saba. Karani wetu alisema ni saa moja asubuhi, na wakulima wakakuta mizani iko tayari.

Tuseme kidogo juu ya kitu chenyewe, maana mtu hawezi kuthamini asichokijua. Saa ya namna hii haina betri. Ndani yake mna kamani, utepe wa chuma unaojikunja tunapotia ufunguo na kujikunjua polepole. Nguvu hiyo hupita katika magurudumu madogo hadi kwenye gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi. Katika saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 432,000 kwa siku. Vijiti vya magurudumu hukalia mawe madogo ya yakuti bandia, mara nyingi 17, ili visilike upesi. Mafuta yakikauka, au unyevu wa ziwa ukiingia kupitia mpira uliochoka, saa husimama. Mara nyingi haijafa. Ni chafu tu na ina kiu.

Saa hizi zilipata pigo lake mwezi Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilipoanza kuuza saa ya mkono ya kwatzi, iendayo kwa betri. Katika miaka iliyofuata maelfu ya mafundi wa Uswisi walipoteza kazi. Hata hivyo ufundi wao haukuzikwa: mwaka 2020 UNESCO iliuandika, pamoja na ule wa Ufaransa, katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Ndugu zetu, yule fundi saa aketiye barazani mjini na lenzi jichoni anafanya kazi ya ukoo huohuo. Kule inaitwa urithi wa dunia. Hapa tunampita tukidhani anabadilisha betri tu. Wanaoijua kazi hii wanazeeka, na tunaviomba vyuo vya ufundi vifikirie kuwapa vijana nafasi ya kukaa miguuni pao.

Hatusemi kuuza ni kosa. Ada ya mtoto ni jambo zito, na saa isiyotazamwa na mtu si bora kuliko mjukuu aketiye darasani. Tunachokataa ni kuuza gizani. Mnunuzi anajua alichokishika, muuzaji hajui. Wengine wakisikia kwamba ya kale ni dhahabu, huipeleka saa ikayeyushwe, na kumbe nyingi zimepakwa dhahabu juu juu tu, tabaka jembamba lisiloleta faida. Hapo urithi umepotea na fedha haikupatikana.

Kwa hiyo tunashauri mambo machache. Saa ifunguliwe na fundi, asome jina na namba zilizo ndani, nanyi mziandike, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Ioshwe, itiwe mafuta, ipimwe mwendo. Uso wake usipakwe rangi upya, hata kama umefifia. Wakusanyaji huthamini uso wa asili, na mkwaruzo wa baba ni sehemu ya historia yake. Tena, saa za kabla ya miaka ya 1960 zenye namba zilizokuwa zikiwaka gizani huenda zilipakwa radiamu. Mwanga huzimika, lakini sumu hiyo hubaki kwa karne nyingi. Msiikwangue, wala msiwape watoto waichezee.

Haya tunayasema kwa aibu kidogo. Sisi wenyewe tuliachiwa saa na mjomba, tukaifungua kwa kisu cha mezani kwa haraka ya kuona ndani. Kisu kiliteleza, kikakata uzi wa chuma mwembamba kuliko unywele. Saa ile haijatembea tena hadi leo.

Haraka ndiyo ugonjwa wetu. Tangu Juni 2025 tunavuka kutoka Kigongo hadi Busisi kwa dakika chache, juu ya daraja la kilomita 3, mahali tulipokuwa tukisubiri kivuko kwa muda mrefu. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini muda tuliouokoa tumeupeleka wapi, ikiwa watoto wanaweza kugawana vitu vya baba bila kupata dakika moja ya kumwuliza mama?

Ile saa sasa iko kwa fundi. Ndugu wamekubaliana kwamba kwanza itembee, kisha ithaminiwe, kisha wakae tena, safari hii mama akiwa katikati yao. Kama wataiuza au wataitunza, hilo ni lao. Nasi tunawaomba, wapendwa, kabla ya kufungua sanduku la wazee wenu, ketini kwanza na yule aliyelala karibu na saa hiyo miaka yote.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.