Kukopeshana umeme njiani: saidia mwenzako, lakini kwa kanuni

Ndugu mfanyakazi, jambo hili umeliona mara nyingi. Kamyo imesimama kando ya njia ya Bafwasende. Mvua imekwisha kunyesha, giza linaanza kuingia. Shofere anazungusha ufunguo, injini inalia «tik» mara moja, kisha kimya. Batri imekufa. Kamyo ya pili inatokea kwenye kona, naye anaisimamisha kwa mkono.

— Yaya, nisaidie na batri kidogo.

— Leki, kable unazo?

— Sina, lakini nimepata waya hapa.

Basi wawili hao wanaanza kazi. Hakuna anayeuliza batri ni ya volti ngapi. Hakuna anayevaa miwani. Mmoja ana sigara mdomoni, mwingine anamulika kwa kiberiti. Mara nyingi injini inawaka, watu wanacheka, wanapeana mkono na safari inaendelea. Lakini siku moja batri inapasuka kama bomu, na asidi inamwagika usoni mwa yule aliyeinama juu yake. Mtu aliyetaka kumsaidia mwenzake anarudishwa kwa mke na watoto akiwa kipofu.

Katika ukurasa huu watu wamezoea kusoma: usifanye hiki, usifanye kile. Leo sitasema usimsaidie mwenzako. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wavuvi Wagenia wa hapa kwetu Kisangani wanatuonyesha jambo hilo kila siku katika maporomoko: hakuna mtu mmoja anayesimamisha peke yake ile miti mikubwa ya kutegea samaki. Ninalosema ni hili: kukopeshana umeme ni kazi, nayo ina kanuni zake kama kazi nyingine yoyote. Asiyezijua aache mpaka afundishwe. Na wakubwa wa kazi wana wajibu wa kumfundisha.

KWA NINI BATRI HUPASUKA

Batri ya kawaida ya motokari ni ya risasi na asidi. Ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo namna yake ya kufanya kazi haijabadilika sana. Ndani yake mna asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Inapojazwa umeme, hasa ikijazwa kwa nguvu, hutoa hewa ya haidrojeni. Hewa hiyo huioni wala huna harufu ya kukuonya. Ikifika sehemu 4 tu katika sehemu 100 za hewa, cheche ndogo inatosha kuiwasha.

Cheche inatoka wapi? Si kwenye sigara tu. Inatoka pale unapofunga kibanio cha mwisho cha kable, maana wakati huo ndipo umeme unaporuka. Ukikifunga kibanio hicho juu ya batri yenyewe, umeiweka cheche mahali palepale penye hewa ya hatari. Ndiyo sababu ya kanuni ambayo mashofere wengi huidharau: kibanio cha mwisho hakifungwi kwenye batri.

Tuandike basi utaratibu wote. Ukate ukurasa huu, uuweke ndani ya motokari yako.

1. Tazama volti. Motokari ndogo ni ya volti 12. Kamyo nyingi kubwa ni za volti 24, yaani batri mbili za 12 zimefungwa kwa mfuatano. Usikopeshe 24 kwa 12 hata siku moja.

2. Zima injini zote mbili. Magari yasigusane. Zima taa na kila kitu kinachokula umeme. Sigara na kiberiti viwe mbali.

3. Vaa miwani na ganti za kazi. Vua saa na pete.

4. Batri iliyopasuka, iliyovimba au inayovuja usiikopeshe. Hiyo ni ya kubadilishwa.

5. Kable nyekundu: kwanza kwenye alama ya kujumlisha (+) ya batri iliyokufa, kisha kwenye (+) ya batri nzima.

6. Kable nyeusi: kwanza kwenye alama ya kutoa (−) ya batri nzima. Upande wa pili uufunge kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na batri.

7. Washa gari zima, ngoja dakika chache, kisha washa lile lililokufa.

8. Likishawaka, ondoa kable kwa kurudi nyuma: ya mwisho kufungwa iwe ya kwanza kufunguliwa.

Kazi hiyo haizidi dakika kumi. Waya wa kuokota haufai: ni mwembamba, utapata moto na kuyeyuka mkononi mwako.

Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi palepale, kwa muda usiopungua dakika 15, kope zikiwa wazi. Usitie mafuta, usitie majani, usitie maziwa. Baada ya kuosha, nenda hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Kwa hiyo dumu la maji safi katika kamyo si la kunywa tu. Ni dawa ya kwanza ya macho yako.

MOTOKARI ZA UMEME ZINAKUJA

Sasa nije kwenye jambo jipya. Duniani leo motokari zinazotembea kwa umeme mtupu, bila petroli wala mazutu, zinaongezeka. Chini ya ardhi, treni ndogo za batri ni kitu cha zamani katika migodi, na siku hizi kuna mashine za kupakia mawe zinazotumia batri kubwa. Vijana wetu watafanya kazi nazo. Tena batri nyingi za namna hiyo zina kobalti ndani yake, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka katika nchi yetu, huko Kolwezi na Likasi. Si kitu cha wageni. Ni jasho letu wenyewe linalorudi likiwa na magurudumu.

Ninachoogopa ni hiki: shofere aliyezoea kable zake atakuta motokari ya umeme imeishiwa njiani, naye atasema, «Yaya, nisaidie na batri kidogo», kama zamani. Hapo desturi yetu njema inaweza kuua mtu.

Fahamu kwamba motokari ya umeme huwa na batri mbili. Moja ni ndogo, ya volti 12, ya kuamsha vyombo vyake: taa, milango, na ule ubongo mdogo unaoongoza gari. Nyingine ni kubwa, iko chini ya sakafu, nayo huwa na volti 400 hivi, na katika gari nyingine hufika 800. Nyaya zake zina rangi ya machungwa. Rangi hiyo maana yake ni moja: usiguse. Volti 12 haitakuua kwa kuigusa. Volti 400 itakuua.

Ikiwa batri ndogo ndiyo iliyokufa, gari halitaamka hata kama ile kubwa imejaa. Hapo inawezekana kuikopesha volti 12, kwa kufuata kitabu cha gari lile. Lakini usigeuze mambo ukaitumia motokari ya umeme kuwashia kamyo. Watengenezaji wengi wanakataza, kwa sababu batri yake ndogo haikutengenezwa kutoa nguvu kubwa ya kuzungusha injini.

Ikiwa ile kubwa ndiyo iliyoisha, kable zako hazina kazi tena. Wengine hufikiri umeme ni kama mazutu, kwamba unaweza kuunyonya kwa mpira kutoka tangi hii na kuumimina katika ile. Sivyo. Batri mbili kubwa zisizolingana ukiziunganisha moja kwa moja, umeme hukimbia bila kipimo kutoka iliyojaa kwenda iliyopungua, kama maji ya bwawa lililofunguliwa malango yote kwa mara moja. Nyaya huyeyuka, batri huwaka. Na moto wa batri hizo ni mkaidi: unaweza kudhani umeuzima, kumbe baada ya saa nyingi unawaka tena.

Je, hakuna njia ya motokari moja ya umeme kuisaidia nyingine? Ipo. Baadhi ya gari za siku hizi zimetengenezwa na tundu la kutolea umeme, kama lile la ukutani nyumbani. Gari lililoishiwa huchomekwa pale kwa kable yake ya kujazia. Kabla umeme haujapita, chombo cha kujazia na gari huulizana kwanza na kupimana. Kitu kisipokuwa sawa, umeme haupiti. Hiyo ndiyo tofauti: katika kable zetu za zamani, mlinzi ni wewe peke yako.

Lakini msaada huo ni mdogo, na ni vizuri kujua hesabu yake. Tuseme tundu linatoa kilowati 3.6. Ukingoja saa nzima, ukitoa kiasi kinachopotea njiani, mwenzako atapata kama kilowati-saa 3. Motokari ndogo ya umeme hula kilowati-saa 15 mpaka 20 kwa kilomita 100. Basi saa yako nzima imempa kilomita 15 mpaka 20, karibu safari ya kutoka mjini mpaka uwanja wa ndege wa Bangoka, na kwenye matope yetu hata hiyo hataifikisha. Nawe umepungukiwa kiasi hicho na zaidi. Anayetoa asipopima vizuri, watalala njiani wote wawili.

Hata kulivuta gari hilo kwa kamba si jambo la kufanya ovyo. Magurudumu yakizunguka, mota yake inaweza kutengeneza umeme na kuharibu vyombo. Nyingi hutakiwa kubebwa juu ya kamyo. Kwa pikipiki wenzetu wa Nairobi na Kampala wana njia nyepesi: hawakopeshani umeme, wanabadilishana batri yenyewe katika kituo. Unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, unaondoka. Siku moja huenda vijana wetu wa toleka watafanya hivyo.

MANENO KWA WAKUBWA NA KWA WAKE ZETU

Kuna watakaonijibu: «Wewe unaandika tu. Njiani hakuna mekanisia. Ukimngoja utalala msituni.» Ni kweli. Shofere hafanyi haraka kwa sababu ni mjinga. Anafanya haraka kwa sababu akichelewa, anaulizwa kwa ukali: ulikuwa wapi? Kwa hiyo nasema waziwazi: mkubwa anayemgombeza shofere kwa saa moja aliyoitumia kungoja msaada wa salama, ndiye aliyeshika kile kiberiti juu ya batri. Kila gari la kazi lipewe kable nene, miwani, ganti na dumu la maji. Mashofere wafundishwe kwa vitendo katika garaje, si kwa karatasi ukutani tu. Na siku mashine ya umeme itakapoingia, asiyefundishwa asiguse kitu chenye nyaya za rangi ya machungwa, awe kijana wa jana au mzee wa miaka thelathini ya kazi.

Nanyi akina mama wa Mangobo, Kabondo na Lubunga, jambo hili liko nyumbani pia. Umeme wa kituo cha Tshopo unapokatika, au pale usipofika, jamaa wengi huwasha taa na redio kwa batri ya motokari, na jirani huja kuomba kidogo. Mpeni, lakini msiijaze batri katika chumba wanacholala watoto, wala karibu na mbabula. Iwekeni mahali penye hewa, juu, mbali na mikono midogo. Chupa iliyotiwa asidi isitiwe tena maji ya kunywa.

Wachimbaji mnajua sheria ya taa ya kichwani. Kila mmoja huchukua taa yake iliyojazwa kabla ya kushuka, na huirudisha anapopanda. Hakuna anayeshuka na taa nusu akitumaini kumwomba mwenzake mwanga huko chini. Shofere naye afanye vivyo hivyo: aipime batri asubuhi, kabla ya kutoka. Umeme ulio salama kuliko wote ni ule ambao hukulazimika kuukopa.

Na ukimkuta mwenzako amekwama, simama. Usimwache. Simama, tazama, fikiri, kisha saidia. Tukifanya hivyo, wote wawili watafika nyumbani na macho yao.