"Nasi Tulitendewa Hivyo"

Kila mwaka wageni wa mwaka wa kwanza wafikapo na masanduku yao, neno la kwanza wanalolisikia bwenini si "karibuni". Huamriwa wachote maji ya wakubwa, wafue mashati yasiyo yao, waimbe juu ya kitanda saa nne za usiku, na mwenye kulia ndiye achekwaye zaidi. Ukimwuliza mkubwa kwa nini atenda hivyo, hujibu, "Nasi tulitendewa hivyo." Nimelisikia jibu hili mara nyingi mno, nami nataka kulijibu.

Mtume Paulo aliwaonya Wagalatia kwamba mtu atavuna alichopanda. Wengi wetu twalichukua neno hilo kama daftari la duka: nikikutenda ubaya, utanirudia mimi. Laiti ingekuwa hivyo siku zote! Bwenini aliyepanda amekwisha maliza mitihani akaenda zake, pengine sasa ni karani au mwalimu mahali fulani, na anayevuna ni mtoto ambaye hakupanda hata punje.

Tazameni habari za Yusufu katika kitabu cha Mwanzo. Nduguze walimtupa shimoni, kisha akauzwa kwa vipande ishirini vya fedha. Miaka ikapita, njaa ikaingia Kanaani, wakaja Misri kununua nafaka kwake yeye, wala hawakumtambua. Angeweza kusema, "Nami nilitendewa hivyo," na hakuna askari wa Farao ambaye angemzuia. Aliwatisha, ni kweli (mimi sikuwahi kuipenda ile habari ya kikombe katika gunia la Benyamini), lakini mwisho alilia mbele yao, akawapa chakula na mahali pa kukaa. Walipanda ubaya wakavuna nafaka, kwa sababu mtu mmoja alikubali kubaki na deni lisilolipwa. Nasi tunaojiita Wakristo twamwamini Yeye aliyefanya zaidi ya Yusufu.

Wengine husema mambo ya bwenini ni mchezo tu, humkomaza mtoto. Sikubali. Tarehe 18 Machi 1997, katika shule ya sekondari ya Nyange nchini Rwanda, wanafunzi waliingiliwa usiku na watu wenye silaha, wakaamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu mauaji ya kimbari ya 1994. Wakakataa, wakasema wao wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa, wengine wakajeruhiwa, na leo nchi yao yawahesabu miongoni mwa mashujaa wake. Waliokufa hawakuvuna walichopanda. Wavunao ni wengine. Lakini sidhani moyo ule uliota usiku ule mmoja. Vijana waliozoea kutengana, wakubwa huku na wanyonge kule, wangepata wapi neno moja la kujibu mbele ya bunduki?

Basi mwaka mpya wa masomo utakapofunguliwa, nawaomba viranja na wenzangu wa darasa la mwisho tuwangoje wageni langoni, tuwachukulie masanduku yao, na maji yetu tuchote wenyewe. Nanyi kaka zetu mliotutangulia hapa, mjapo kututembelea, piteni bwenini mkawaambie wadogo zenu kama desturi ile iliwafaa kitu.