Reli ya Mtu Mmoja

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya reli, na msomaji wa Malindi au Kilifi ana haki ya kutuuliza sababu. Treni haijawahi kufika kwetu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilielekea bara, ikafika Kisumu mwaka 1901, na mwambao wa kaskazini ukabaki na majahazi yake. Lakini historia ya reli katika nchi hizi haikuanza na Waingereza, wala haikuanzia Mombasa. Ilianzia Unguja, mlangoni kwa Sultani, na Malindi ilikuwa miongoni mwa miji iliyojaza hazina yake.

Mwaka 1879 Sayyid Barghash bin Said alitandikiwa reli ya maili saba, karibu kilomita 11, kutoka jumba lake la Mji Mkongwe hadi kasri lake la Chukwani, kusini mwa mji. Mwanzoni mabehewa mawili ya fahari yalikokotwa na nyumbu. Mwaka 1881 Sultani akaagiza kichwa kidogo cha treni kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza, na moshi ukaonekana Unguja miaka 15 kabla ya taruma la kwanza la reli kubwa ya Mombasa kulazwa. Alipofariki mwaka 1888, reli iling'olewa na kichwa kikageuzwa chuma chakavu.

Asili ya wazo hili tusiitafute London peke yake. Barghash alikwenda Uingereza mwaka 1875, lakini kabla ya hapo alikuwa ameishi Bombay. Mwaka 1859 alijaribu kumpokonya kaka yake Majid kiti, akashindwa, akapelekwa uhamishoni katika mji huo, ambao ulikuwa na treni tangu 1853. India ya wakati ule na ya miaka iliyofuata ilikuwa na watawala waliopenda reli kwa dhati. Mfalme wa Baroda alijenga njia yake mwaka 1862, mabehewa yakivutwa na ng'ombe. Maharaja Madho Rao Scindia wa Gwalior alijenga reli nyembamba katika himaya yake, na ndani ya jumba lake akaweka treni ndogo ya fedha iliyozunguka juu ya meza ya chakula ikiwapelekea wageni vinywaji na sigara. Huko Patiala, mwaka 1907, mfalme alizindua treni ya reli moja. Ukimweka Barghash katika safu hii, utamwelewa vizuri zaidi kuliko ukimwona kama Mwarabu aliyeiga Ulaya.

Simulizi za watu zimeifanyia reli hii jambo la ajabu: zimeiunganisha na nyingine. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilifungua njia kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, kaskazini mwa mji. Nayo ilikuwa ya maili saba. Ilikata tiketi, ikabeba abiria wa kila namna, na cheche zake zikaunguza mashamba na nguo za watu. Huduma ya abiria ilikoma mwaka 1922. Hadi leo utasikia kwamba treni ya Bububu ilikuwa ya Barghash, na kwamba mahali pale paliitwa hivyo kutokana na mlio wake. Lakini Barghash alikuwa amefariki miaka 17 kabla. Tena dada yake mwenyewe, Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza alivyoishi Bububu. Jina lilitangulia treni.

Tunashughulika na kosa hili kwa sababu linabadilisha hukumu. Simulizi humpa Sultani ukarimu ambao treni yake haikuwa nao. Ile ya Chukwani ilimbeba yeye, jamaa zake na wageni wake. Mchukuzi wa bandarini hakuwa na nafasi humo. Ukarimu wake wa kweli ulikuwa mfereji. Barghash aliyavuta maji ya Chemchem hadi mjini, watu wakanywa maji safi, na kazi hiyo iliendelea kuwafaa baada ya yeye kuzikwa. Kilichokuwa cha wote kilibaki. Kilichokuwa chake kilikwenda naye.

Na kwetu je? Malindi ilifufuliwa mwaka 1861, Majid alipotuma askari kuilinda. Ndani ya miaka michache mashamba ya mtama na ufuta yalienea nyuma ya mji, yakilimwa na watumwa, na mazao yakapakiwa majahazini kwenda Arabuni. Ushuru wa mwambao uliingia katika hazina ya Unguja kupitia wafanyabiashara wa Kihindi waliokodi forodha, miongoni mwao Taria Topan. Katika miaka ileile ambayo mabehewa ya Sultani yalikuwa yakienda Chukwani, watoro kutoka mashamba hayo walikuwa wakijenga maisha mapya Fuladoyo, ndani ya Kilifi ya leo. Hatuoni namna ya kuandika habari za behewa la kifalme huku tukiwanyamazia watu hawa. Jasho lao ni sehemu ya bei yake.

Tena kuna reli nyingine ambayo wasomaji wengi hawaijui. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza ilianza njia nyembamba Mombasa ikitamani kufika maziwa makuu. Ikatandika maili saba, mara ya tatu hesabu hiyo kujitokeza, kisha ikaiacha. Vyuma vyake vikatumika kwa toroli za kisiwani. Wakubwa walikuwa na toroli zao binafsi zilizowafikisha hadi malangoni, zikisukumwa na Waafrika mchana na usiku.

Historia ya hao waliosukuma haimo katika majalada ya kampuni. Tunaamini ingalimo majumbani: katika picha za zamani, hati za mashamba na maneno ya wazee wa Takaungu, Mambrui na Malindi. Ukiwa na chochote, tuandikie, nasi tutakichapa kwa ridhaa yako. Usisubiri toleo lijalo, kwani wazee wanaoyakumbuka mambo haya wanazidi kupungua.