Haibridi Si Mbaya, Ubaya ni Kununua Bila Hela ya Betri

Wadau, mjomba wangu alinunua haibridi mtumba afanye teksi Malindi–Kilifi. Mafuta kweli yalipungua. Miezi saba baadaye taa ya onyo ikawaka, fundi akabadilisha moduli moja ya betri. Wiki chache, ikawaka tena. Sai gari imelala uani na mkopo wa chama unadai.

Mimi niliacha chuo, lakini hesabu hii naiweza. Betri huzeeka yote pamoja. Toyota Aqua, kwa mfano, ina moduli 20 chini ya siti ya nyuma. Ukiweka moja nzima kati ya 19 zilizochoka, hujatengeneza, umeahirisha tu. Na betri hiyo hupozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni. Vumbi na mchanga wetu vikiziba hapo, na joto hili la Pwani, betri inachemka.

Kwa hivyo kabla hujalipa, fundi aipime betri kwa mashine, sehemu kwa sehemu. Ukishanunua, safisha njia ya feni. Na kama huna akiba ya betri nzima, basi gari hiyo bado hujaimudu. Usije ukasema hukuambiwa.